Aliyetembea Nyuma ya Majembe

Mwanamuke huyu sikumupenda. Ninaliweka neno hilo mbele, ili musinitafutie huruma katikati ya njia. Mahali alizaliwa, nani alimuzaa, alikuwa wa ukoo gani, hayo mutauliza wengine. Kwetu Bihambwe hakuna mutu aliyemuita kwa jina lake. Tulimuita Mwimbishaji, na mutu akisema tu "Mwimbishaji anakuja," hata mbuzi walisimama vizuri.

Wajukuu wangu wanaolima leo kila mutu kwake hawatanielewa, kwa hiyo ninaeleza. Mulima wa kwetu haukulimwa na mutu peke yake. Nyumba yenye ilitaka kupanda maharagi ilitengeneza kwanza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, halafu ikaita majirani. Siku ikifika, wanawake tulisimama chini ya mulima, bega kwa bega, mustari mumoja, kila mutu na kipande chake mbele yake. Tulipanda tukilima mpaka juu. Majembe yalinyanyuka pamoja na kuanguka pamoja, na ili yaanguke pamoja lazima wimbo. Mwenye kuanzisha wimbo alikuwa yeye. Sisi tuliitikia.

Wimbo haukuwa juu ya Mungu wala juu ya mvua. Ulikuwa juu ya mukia. Mukia ni yule mwenye amebaki nyuma wakati mustari unapanda. Mwimbishaji alimuangalia, akamutafutia kosa, akaliingiza kwenye wimbo, na mulima muzima ukamuitikia. Mama mumoja mwenye nyumba chafu aliimbwa hivi, nitaweka kwa Kiswahili ingawa ilikuwa Kihunde: "Kwa mwenzetu, panya amehama. Juu ya nini? Alisema, hapa kuna vumbi mingi." Ni hayo tu. Lakini maneno yale yalishuka naye mpaka kisimani, yakaingia naye kanisani, yakamungoja nje baada ya misa. Miaka miwili watoto waliona panya wakamusalimia kwa jina la mama yule.

Wazungu wakati ule walikuwa na chikoti, mujeledi wa ngozi. Sisi tulikuwa na Mwimbishaji. Chikoti angalau ilipumuzika siku ya Mungu.

Alikuwa mwanamuke mufupi, mwenye shingo ndefu, na kitambaa chekundu alichofunga chini sana hata macho yakabaki kama yanachungulia kutoka ndani ya nyumba. Alitembea na jembe juu ya bega. Ninaomba mushike neno hilo, kwani sisi wote tuliliona na hakuna aliyelishika: jembe lake lilikuwa juu ya bega. Sisi tulikuwa mustarini, tumeinama, macho kwenye udongo. Yeye alitembea nyuma yetu, kushoto mpaka kulia, kulia mpaka kushoto, anaimba, anaangalia migongo. Pengine alishuka akapiga jembe mara mbili, tatu, halafu akasimama tena kama mutu mwenye amekumbuka kitu. Siku moja alinishika mukono, jembe likiwa bado begani, ili anivushe muto. Kiganja chake kilikuwa laini kama cha mutoto wa siku nane. Nilishangaa, nikasahau. Mutu mwenye anaogopa hana wakati wa kufikiri juu ya viganja vya wengine.

Kwenye kasiksi alipata kibuyu cha kwanza, kabla ya wazee. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ni mama wenye nyumba waliojua mambo. Nilisikia mama mukwe wangu mwenyewe, mwanamuke mwenye hakuogopa hata radi, anamubembeleza:

"Kunywa, Mama. Kunywa mpaka kuche. Iko ingine ndani."

"Njo hii munaita kasiksi ao ni maji ya kuosha vibuyu?"

"Mama! Ni ya siku nne hii, yenye nguvu!"

"Nacheka tu, Mama. Nacheka tu."

"Nacheka tu" njo ilikuwa mufuniko wa chungu chake. Alikuchoma, akaweka mufuniko juu. Ukilia, wewe njo mubaya, kwani yeye alikuwa anacheka tu.

Mutasema alikuwa muoga, anapiga wadogo tu. Hapana. Siku moja agronome muzungu, bwana shamba wa Serikali, alipanda kwetu pamoja na monitere wa kilimo, musaidizi wake Mukongomani mwenye kaputula fupi na soksi ndefu, waje kutuonyesha namna ya kupanda majani kwa mistari ili udongo usishuke. Wakatukuta mustarini. Mwimbishaji hakunyamaza. Aliimba palepale kwamba muzungu ana magoti ya mutoto wa ndege, na monitere amevalisha miguu yake nguo kwa sababu miguu ilimukataa. Tuliitikia mpaka bonde likajibu. Muzungu alifurahi sana, akapiga mikono, akauliza wanasema nini. Monitere jasho likamutoka kwenye paji la uso.

"Wanashukuru Serikali, Monsieur," akasema.

"Waimbe tena!" muzungu akasema.

Tukaimba tena. Monitere akasimama pale, ameshika miti yake ya kupimia, anasikiliza miguu yake ikiimbwa mara ya pili kwa amri. Watu walisimulia siku ile miaka mingi kama ushindi, na mimi pia nilicheka. Lakini nimekuwa muzee, ninauliza: ujasiri gani ule wa kumutukana mutu kwa luga asiyoijua? Muzungu alirudi nyumbani amefurahi. Mwenye alipigwa alikuwa monitere, mutoto wa watu kama sisi, mwenye soksi.

Nitasema na wema wake pia, nisije nikamupiga kwa jembe lake mwenyewe. Mutu mwenye njaa hakumuimba. Mwanamuke mwenye hakuzaa hakumuimba. Kwenye matanga alilia kuliko wenye maiti. Alinipa chumvi mara nyingi bila kuuliza itarudi lini. Na kulikuwa bwana mumoja pale juu mwenye alimupiga muke wake kila siku ya soko. Padiri alimukanya, kapita wa Serikali alimukanya, wazee walimukanya. Mwimbishaji akamutengenezea mustari mumoja tu wa wimbo: kwamba bwana yule anapiga muke wake kwa sababu muke njo mutu peke yake mulimani mwenye anamufikia kwa kimo. Bwana akaacha. Hakuacha kwa kutubu; aliacha kwa sababu kila mutu aliyempita njiani alipima kimo chake kwa macho. Basi, kicheko kinaweza kufanya kazi ya Mungu. Kisu pia kinakata majani ya sombe.

Kitu kimoja hakukiweza: kuchekwa. Siku moja kisimani, mama mumoja, bila ubaya, alimuambia, "Mama, jembe yako haizeeke? Iko mupya kila mwaka!" Mwimbishaji aliweka chungu chake kichwani kikiwa nusu, akaenda. Juma lile hakuja mustarini. Akafunga mulango, akasema anaumwa kichwa.

Mungefikiri tulifurahi? Sikilizeni. Tulilima siku tatu bila wimbo na ilikuwa vibaya kuliko wimbo. Majembe yaligongana. Kila mwanamuke aliangalia nyuma kuona kama mukia ni yeye, kwani hakukuwa tena mutu wa kutuambia mukia ni nani, na kila mumoja aliamini ni yeye. Siku ya nne tulikusanya kasiksi, tukapanda kwake, wanawake kumi na zaidi, tukapiga magoti mbele ya mulango wake tukimuomba arudi kutucheka. Na yule wa jembe mupya njo alibeba kibuyu.

Sasa ninafika kwa mukono wangu.

Vita ya Wazungu ilikuwa imeisha si zamani wakati nilipoolewa Bihambwe. Nilikuwa mugeni pale, na nilikuja na ubaya mumoja wenye nilizaliwa nao: ninalima kwa kushoto. Nyumbani kwetu baba alicheka tu. Lakini kwenye mustari, mutu wa kushoto ni taabu. Wote wanatupa udongo upande huu, yeye anautupa upande ule, kwenye kipande cha jirani. Mipini inagongana, mustari unapasuka. Na juu ya taabu kuna aibu. Mama mukwe alinikuta siku ya tatu nikichambua mbegu, akanipiga vidole kwa mwiko.

"Hapa kwetu mukono ule ni wa kujipangusa," akasema. "Hauguse mbegu. Maharagi yenye imepandwa na kushoto haiote. Nikiona tena, utarudia njia yenye ulikuja nayo."

Mbuzi za bukwe, mahari yangu, baba alikuwa amekwisha kula. Kurudi kwetu hakukuwa na njia. Basi, mustarini nililima kwa kulia, polepole, kama mutu anayekula bugali kwa kijiti. Malengelenge yakajaa kiganja, na kila siku nilibaki karibu ya mwisho. Karibu, si mwisho. Usiku nililala nikifikiri siku moja tu: siku Mwimbishaji atasimama nyuma ya mugongo wangu, aone. Mulima muzima ungeimba mukono wangu, mama mukwe angesikia, nami ningefunga vitu.

Nyumba jirani kulikuwa mugeni mwingine, mwanamuke wa Walikale, kule chini porini. Bwana wake alifanya kazi ya barabara kule, akamuoa, akamuleta mulimani kwetu. Wageni wawili, tulipendana. Yeye pia hakujua kulima kama watu. Kwao porini hawageuze udongo: wanakata miti, wanachoma, wanatoboa shimo kwa kijiti chenye ncha, wanatia mbegu, wanafunika kwa kisigino. Alinionyesha kipande chake nyuma ya migomba, mahali hakuna mutu alipopita. Maharagi yake yalikuwa yanasimama katikati ya majani na magogo kama watoto wenye hawakuchanwa nywele.

"Usiseme mutu, dada," akaniambia. "Bataniita nyani."

"Siseme."

Nami nikachukua jembe kwa mukono wangu wa kweli, nikamulimia mbele yake mustari mumoja, haraka, vizuri, udongo ukiruka. Akacheka kwa furaha, akaziba kinywa.

"Kumbe uko na nguvu hivi!"

"Usiseme mutu."

"Siseme."

Aliyatunza maneno yangu. Hiyo njo habari yote, na ningeweza kuacha kuandika hapa.

Siku ile tulilima kwa mama mukwe mwenyewe. Jua lilikuwa kali, kiganja changu cha kulia kilikuwa kimepasuka, na mustari ulikuwa umenipita hatua tano, hatua sita. Mukia nilikuwa mimi. Mama wa Walikale alikuwa kule mbele, mutoto mugongoni. Nilisikia wimbo unakuja kutoka upande wa kulia, unakaribia, unapunguza mwendo. Nilisikia umesimama. Uchungu ulikuwa umenizidi, na bila kufikiri nilikuwa nimekwisha kubadilisha mukono.

Nikageuka. Alikuwa anaangalia mukono wangu. Kinywa chake kilikuwa kinapanga maneno. Nilimuona anayaonja kama mutu anayeonja chumvi ya sombe.

Sikungoja. Nikasema haraka, kwa sauti ndogo: "Mama, yule wa Walikale hajue kulima. Anatoboa udongo kwa kijiti kama kuku. Nimeona na macho yangu, nyuma ya migomba yake."

Macho ya Mwimbishaji yakahama. Nitakumbuka mpaka nife namna yale macho yalihama, kama muzigo unaotolewa kichwani.

"Kuku wa Walikale!" akaanza, na sauti yake ikaruka juu ya migongo yote. "Anadonoa mulima wetu! Udongo unamuuliza: unatafuta minyoo?"

Mustari ulilipuka. Wanawake walishika mbavu, walirudia, walitikisa viwiko kama mabawa. Nani alicheka kuliko wote? Ni mimi. Nilicheka mpaka machozi. Na sikilizeni maajabu: jembe likawa jepesi. Kwa kulia, kwa kiganja kilichopasuka, nililima kama mwenye pepo, nikawafikia, na siku ile nilimaliza mulima pamoja na wa kwanza. Mama mukwe alinipa kibuyu, akasema, "Mutoto wangu anaanza kuzoea." Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia joto kama lile la kusimama katikati ya watu wanaomucheka mwingine. Padiri alisema dharau inatoka kwa shetani. Shetani sijui, sikumuona pale. Mimi nilikuwa pale, na kitu kilichonifungua kinywa kilikuwa woga wa kuwa mukia.

Mama wa Walikale aligeuka akatafuta uso mumoja katika zile zote. Akaukuta. Angeweza kusema maneno matatu tu: "Yeye ni kushoto." Wimbo ungegeuka palepale, kama upepo. Hakusema. Alirekebisha kitambaa cha mutoto mugongoni, akainama, akaendelea kulima vibaya.

Hakurudi mustarini tena. Na nyumba isiyokuja mustarini haisaidiwe na mutu; shamba lake ni lake na Mungu. Watoto walipita kwake wakilia "ko-ko-ko." Mbele ya msimu kwisha bwana wake alifunga mikeka, wakarudi Walikale kwa miguu.

Mvua kubwa ilikuja nyuma yao. Mulima wetu mulaini, uliogeuzwa vizuri na kuimbwa vizuri, ulishuka wote kwenye matope ya chini, maharagi na jasho na wimbo ndani yake. Nyuma ya migomba, kipande cha kuku kilibaki, kimeshikwa na magogo yake na majani yake, maharagi yamesimama. Tulienda kuangalia. Tulisimama pale, wanawake wote. Je, tulisema tumekosea? Mwanamuke mumoja akasema, "Alitutumia mvua ya uchawi mbele ya kwenda." Wote tukaitika: ndiyo, alitutumia mvua. Tukarudi nyumbani na amani. Mutu unaweza kumusamehe mwenye alikukosea; mwenye ulimukosea wewe, yule ni kazi.

Baadaye, nikiwa na watoto watatu, tulishuka wanawake wanane mpaka Walikale na maharagi kichwani, tuyabadilishe na mawese. Njia ya pori si ya watu wa mulima. Kwenye daraja la gogo moja nilikaa chini, nikavuka kwa matako, muzigo mikononi, mbele ya wanawake wa kule waliokuwa wanaloweka mihogo. Oo, walicheka! Walipiga maji kwa viganja. Nikasikia mumoja anaanza maneno kwa kuimba, na wengine wanaitikia, na sikuhitaji mutu anitafsirie. Kumbe kila muto una Mwimbishaji wake. Katikati yao nikamuona yeye, amenenepa, mutoto mwingine mugongoni. Na alikuwa anacheka. Sikumulaumu hata kidogo.

Alikuja baadaye na kibuyu cha maji. Nikanyoosha mukono wa kulia.

"Tumia ule mwingine, dada," akasema. "Hapa hakuna mwenye anakujua."

Nilikunywa. Nilitaka kusema neno lile lenye nilikuwa nimebeba tangu Bihambwe, zito kuliko maharagi. Nikauliza bei ya mawese. Akanijibu bei ya mawese. Tukaagana.

Mwimbishaji nilimuona mara ya mwisho Lushebere, kwa binti yake, miaka ile wanaume walianza kusema "dipanda, dipanda," yaani uhuru, kila jioni. Wakati ule mustari wenyewe ulikuwa umekwisha kufa, watu wengi wakilima kwenye mashamba ya Wazungu. Sauti yake ilikuwa imekatika. Ugonjwa wa koo. Nilimukuta ameketi nje juani, kitambaa kile chekundu kichwani, beseni ya maharagi makavu kati ya miguu, anapasua maganda kwa mukono mumoja. Mukono mwingine, wa kulia, ulikuwa umelala kwenye paja lake, kiganja kimeangalia juu, na mufupa wa kifundo umepinda kama muti uliozuiwa na jiwe. Miaka yote ile sikuwahi kuuona bila jembe.

Aliona ninaangalia.

"Niliuvunja nikiwa musichana," akasema kwa sauti ya majani makavu. "Haukurudi sawasawa. Haiwezi jembe zaidi ya mara tatu. Siku ya kwanza mustarini baada ya bukwe, mukia nilikuwa miye. Baliniimba miaka mbili."

"Nani alikuimba?"

"Mumama mumoja. Alikufa. Siku yenye alikufa, mustari ilinyamaza, kila mutu anatafuta macho ya mwenzake. Nikaona: mwenye kuimba habebe jembe. Nikafungua kinywa." Akapasua ganda. "Habikuwa bitu bingi zaidi ya hapo."

Nilikaa chini, nikavuta maharagi mengine mbele yangu. Nikamuuliza kile nilichokuja kuuliza, kwani sikuja Lushebere kwa kumusalimia tu.

"Siku ile uliona mukono wangu."

"Mukono yako niliona siku ya kwanza, ukishuka kwenye njia na mikeka ya harusi. Ulifukuza inzi na kushoto. Wimbo yako nilitunga siku ileile."

"Juu ya nini hukuuimba?"

Alicheka bila sauti, mabega peke yake.

"Utachinja kuku mwenye anataga? Uliniletea ule wa Walikale. Baadaye uliniletea yule mwenye alizaa mutoto wa njiani. Uliniletea yule mwenye aliiba kuku wa padiri. Na yule mumama mukubwa, mwenye kusahau sala. Banamuke wote waliniogopa, lakini wewe, mwanangu, wewe ulikuwa unanilisha."

Hilo sikuwa nimeliandika hapa. Nilifikiri nitalipita. Basi ni kweli: baada ya wa kwanza nilimupelekea wengine, miaka mingi, kwa sauti ndogo, nikiwa nimeinama kana kwamba ninafunga kitambaa. Yeye aliimba. Nyimbo nyingi zilikuwa zangu.

"Uimbe sasa," nikasema.

"Nini?"

"Wimbo wangu. Uko nayo bado?"

Alifunga macho. Nilishika beseni kwa mikono miwili. Nimezaa watoto saba, nimezika wawili, na ninawaambia niliogopa kama siku ile ya jua kali. Halafu akaimba, sauti ikikwaruza:

"Jembe ya mwenzetu imepotea njia. Inaenda kushoto. Mungoje, itarudi."

Nikangoja.

"Halafu?"

"Njo yote."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Bangecheka mpaka kasiksi inaisha. Siku ingine ingekuwa mwingine." Akaniangalia, na sidhani alitaka kuniumiza, alikuwa fundi anayesema ukweli wa kazi yake. "Mama mukwe yako? Angekupiga mwiko, halafu angezoea. Wimbo mbaya ilikuwa ile ya Walikale. Ile ilikuwa muzuri sana."

Nilichukua maganda, nikaanza kupasua, kwa kushoto, mbele yake, haraka, kama ninavyojua. Aliona. Akafungua kinywa aanze tena, lakini sauti ilikuwa imekwisha. Hewa peke yake ilitoka. Basi nikamuimbia mimi, kwa nguvu, wimbo wangu wote, jembe lenye limepotea njia. Ndani ya nyumba binti yake akasikia, akachungulia mulangoni, akaona mukono wangu, akacheka.

Nilisikiliza kicheko kile mpaka mwisho. Kilidumu muda wa kupasua ganda moja.